Wimbo uliohifadhiwa miguuni: uchambuzi wa kisa cha kufufua bhaona katika kijiji kimoja cha Assam

Kisa hiki kilitokea kati ya 2017 na 2023 katika kijiji kimoja cha Assam, kaskazini-mashariki mwa India. Majina ya kijiji, ya watu na ya ofisi zilizohusika yameondolewa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Historia ya sanaa yenyewe imeachwa kama ilivyo.

## Bhaona ni kitu gani

Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa huenda amewahi kuwaona Wahindi wa mtaani kwake wakicheza garba na dandia wakati wa Navaratri, maana wengi wao asili yao ni Gujarati na Kutch. Bhaona, mchezo wa kuigiza wa kidini, ni jambo jingine, na linatoka upande wa pili kabisa wa India. Mwanzilishi wake ni Sankaradeva (1449–1568), mshairi na mwalimu wa dini aliyewafundisha watu wa Assam kumkimbilia Mungu mmoja tu, Vishnu katika umbo la Krishna, kwa kulitaja na kuliimba jina lake badala ya kuchinja kafara. Wasikilizaji wake wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo akawatungia michezo ya kuigiza. Sita kati ya hiyo ipo hadi leo, ikiwemo Kaliya Daman, Rukmini Haran na Ram Vijay. Lugha yake ni Brajavali, mchanganyiko wa Kimaithili na Kiassam ambao hakuna nyumba inayoamkiana kwa huo. Kijana wa Assam akiisikia ni kama kijana wetu anayesikiliza utenzi wa kale: anapata neno hapa, neno pale, na mengine yanampita.

Mchezo huchezwa ndani ya namghar, ukumbi wa sala ambao karibu kila kijiji cha wafuasi wa Sankaradeva kinao. Upande mmoja kuna chumba kitakatifu kinachowekwa kitabu cha maandiko. Jukwaa hakuna. Wachezaji wako sakafuni, watazamaji wameketi chini kushoto na kulia, na anayetaka kupita lazima apite katikati ya hadithi. Kabla ya mhusika yeyote kuonekana, kundi la gayan-bayan, yaani waimbaji wenye matoazi na wapigaji wa khol, ngoma ya udongo yenye nyuso mbili, hupiga na kucheza utangulizi mrefu. Kisha anaingia sutradhar. Huyu tungemwita manju, ingawa manju wetu hana mzigo mzito hivyo: hughani beti za Kisanskriti, huimba sifa za Mungu, hucheza, humtambulisha kila anayeingia, hueleza kinachotokea, na haondoki uwanjani hadi dua ya mwisho. Waigizaji wakikosea, yeye huliziba pengo. Akikosekana yeye, hakuna mchezo.

Tarehe 15 Novemba 2000, Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya sanaa za maonyesho nchini India, iliitambua Sattriya, ngoma iliyolelewa katika nyumba za watawa wa dini hii, kuwa moja ya ngoma kuu za nchi. Tangu hapo ngoma hiyo inachezwa katika kumbi kubwa, na wengi wanaoicheza humo ni wanawake. Vijijini mambo hayakwenda hivyo.

## Kijiji

Kijiji kiko kando ya mto Brahmaputra. Tetemeko kubwa la tarehe 15 Agosti 1950 liliporomosha milima na kujaza mchanga katika mto huo, na tangu wakati huo kingo zake zimeliwa mwaka baada ya mwaka. Kijiji kimehama mara moja. Namghar ilijengwa upya bara zaidi, ikaezekwa mabati, lakini chho-ghar, chumba cha kuvalia na kuhifadhia vinyago, hakikujengwa tena. Sidhani kama kuna aliyeamua kisijengwe. Fedha zilikwisha tu.

Kusema bhaona ilikuwa imekufa si kweli, na kosa hilo la maneno ndilo lililozaa ugomvi mkubwa baadaye. Kila mwaka palikuwa na bhaona moja, lakini ya namna mpya: maneno ya Kiassam cha kila siku, wafalme wa Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, wakitukanana kwa sauti kubwa, maleba ya kukodi kutoka mjini, kinanda cha umeme na vipaza sauti vinne. Watu waliipenda. Kilichokufa ni mchezo wa Sankaradeva mwenyewe, ambao mara ya mwisho ulikuwa umechezwa zaidi ya miaka 20 nyuma. Waliobaki na ujuzi wake walikuwa mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, aliyewahi kuwa sutradhar, na jirani yake aliyekumbuka sehemu ya mapigo. Khol mbili zilining'inia ukutani, moja ngozi yake imepasuka. Vijana wakimaliza shule walielekea Guwahati, Bengaluru au Kerala kutafuta kazi za ulinzi na za viwandani.

## Jaribio la kwanza: mjini

Mwaka 2017 kamati ya namghar, ikiongozwa na katibu ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, ilipata fedha kutoka ofisi moja inayosaidia sanaa zinazopotea. Sharti lilikuwa onyesho la dakika 40 katika ukumbi wa mji wa karibu. Kamati ilikubali, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Waliona fedha zitaleta sifa, sifa zitawavuta vijana, na vijana watairudisha bhaona nyumbani.

Muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo wakawakodi wachezaji waliosomea ngoma mjini. Mzee aliketishwa mstari wa mbele, akavishwa gamosa, kitambaa cheupe chenye nakshi nyekundu ambacho Waassam humpa mtu kwa heshima. Hakuna aliyemwomba aimbe. Onyesho lilipendeza, picha zikapigwa, fedha zikaishia kwenye taa na usafiri. Waliporudi kijijini hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kupiga utangulizi.

## Kuanza upya

Mwaka uliofuata katibu aliamua kumrekodi mzee kwa simu kabla hajachelewa. Jioni mbili za kwanza zilimkatisha tamaa. Mzee aliketi kwenye kigoda, akaimba ubeti mmoja na nusu, akanyamaza, akaomba radhi. Maneno hayakuwa tatizo, kwa sababu michezo yote sita imechapishwa na kitabu kilikuwa pale mkekani. Kilichopotea ni njia ya wimbo: wapi sauti inavutwa, wapi inasubiri ngoma.

Jioni ya tatu mjukuu alimpa babu matoazi ayashike, apishe nafasi ya kuweka chai. Mzee aliyagonga bila kukusudia, akainuka, akaanza kutembea ule mwendo wa kuingia uwanjani, na wimbo ukatoka mzima. Alipoketi ukapotea tena.

Tangu siku hiyo hawakumrekodi akiwa ameketi. Waligundua pia kwamba simu haiwezi kuwa mwalimu, kwani inashika sauti na kuiacha miguu. Wakatafuta mwalimu wa khol kutoka nyumba moja ya watawa ng'ambo ya mto, akakubali kuja mara mbili kwa mwezi. Alilipwa nauli, mchele na kiasi kidogo cha fedha ambacho baadaye tutaona kilikuwa kidogo mno.

Wanafunzi waliochaguliwa walikuwa wavulana tisa wa miaka 10 hadi 14. Wa miaka 18 waliachwa kwa makusudi. Kijana wa umri huo mguu mmoja uko kwenye basi. Miezi ya mwanzo walifanya mati-akhora tu, mazoezi ya sakafuni ya kuinama, kuruka na kujipinda ambayo ndiyo alifabeti ya ngoma hii, na kutamka mapigo ya khol kwa mdomo kabla ya kuigusa ngoma yenyewe. Wazazi walianza kunung'unika. Walikuwa wameahidiwa mchezo, na sasa wanaona watoto wanaruka kama vyura.

## Maamuzi na sababu zake

Wazee walitaka Rukmini Haran, hadithi ya Krishna kumchukua Rukmini siku aliyopangiwa kuolewa na mwingine. Ina harusi na vita, na kila mtu anaijua. Mzee wetu alitaka Kaliya Daman: nyoka Kaliya ametia sumu maji ya mto Yamuna, wavulana wachungaji wanakunywa na kuanguka, Krishna anawahuisha, kisha anamrukia nyoka na kucheza juu ya vichwa vyake hadi anasalimu amri. Hoja yake haikuwa ya kidini. Mchezo huu unahitaji watoto wengi, na watoto walikuwepo. Hauhitaji safu ya wafalme wenye mataji ya kukodi. Na unahitaji kinyago kimoja kikubwa, basi. Nadhani huu ndio uamuzi bora uliofanywa katika kisa kizima, na ulitoka kwa mtu ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amevishwa kitambaa na kukalishwa.

Kuhusu wakati, kumbukizi za Sankaradeva na mwanafunzi wake Madhavdeva ziko mwezi wa Bhado, yaani Agosti hadi Septemba, na kamati ilitaka kucheza siku hizo. Lakini Bhado ni msimu wa mafuriko. Vivuko husimama, na mwalimu asingeweza kufika wiki zile za mwisho zenye kazi nyingi. Wakahamishia Phagun, mwezi wa Februari na Machi, mpunga ukiwa umeshavunwa na ghala zina kitu.

Urefu ulizua mjadala wa wiki mbili. Zamani mchezo ulianza usiku na kumalizika alfajiri. Sasa kuna basi la shule saa moja asubuhi. Mzee alikubali kupunguza marudio ya nyimbo na kuanza saa kumi na mbili jioni, lakini alikataa katakata kuondoa ubeti wowote wa sutradhar. Matokeo yalikuwa mchezo wa saa tano hivi. Lugha haikuguswa. Badala yake, kwa jioni tatu kabla ya onyesho, baada ya kuimba majina ya Mungu namghar, katibu alisimulia hadithi kwa Kiassam cha kawaida, ili siku yenyewe watu wasikilize wakijua wanachosubiri. Kipaza sauti kiliruhusiwa kimoja, nacho kilielekezwa nje, kwa ajili ya wanawake waliokuwa wakiandaa prasad, chakula cha baraka, ya dengu na choroko zilizolowekwa, tangawizi na nazi. Khol ikipigwa vizuri ndani ya namghar haiombi msaada wa umeme.

Kinyago kinastahili maelezo zaidi. Vijana wawili walipelekwa Majuli, kisiwa cha mtoni ambako ufundi huu bado uko hai, wakakaa wiki kadhaa kwa fundi. Kiunzi husukwa kwa mianzi, hufunikwa kitambaa kilichochovywa udongo wa mfinyanzi, hutiwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe ili kujenga pua, mashavu na nyusi, hulainishwa, kisha hupakwa rangi. Samadi ndiyo siri ya wepesi, kwa kuwa udongo mtupu ungekuwa mzito na ungepasuka. Waliporudi walifanya kosa la kila mwanafunzi mwenye bidii, wakaongeza udongo ili sura itishe zaidi. Mvulana aliyekivaa alilalamika shingo baada ya robo saa. Cha pili walikifanya chembamba, taya lake likifunguka kwa kamba. Kile cha kwanza kimetundikwa ukutani, na wageni hukisifu kuliko cha pili.

Fedha hazikuchangishwa kwa tiketi. Kamati ilikwenda nyumba kwa nyumba na sahani ya tambuu na popoo, kama Waassam wanavyoalika, nami nikisoma hilo nilijiona niko Lamu. Anayepokea tambuu amekubali. Mmoja alitoa mchele, mwingine mianzi ya kujengea agni-garh, tao la taa ambalo wahusika hupitia wanapoingia. Aliyekosa vyote alitoa usiku wake kukesha na watoto mazoezini.

## Usiku wenyewe

Mchezo ulichezwa Februari 2020. Utangulizi wa khol ulikuwa na makosa mawili ambayo mwalimu aliyasikia, na wengine wachache. Taya la Kaliya lilikwama wazi, na kwa nusu saa nyoka alionekana ameshangaa kuliko kukasirika. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Pazia jeupe lililoshikwa na watu wawili lilipoondolewa na Krishna akatokea, vikongwe walisujudu hadi paji la uso likagusa sakafu. Krishna huyo alikuwa mtoto wa miaka 12 ambaye juzi yake alikuwa amechapwa kwa kuiba mapera. Hakuna aliyeona mgongano wowote. Kwa saa hizo tano hakuwa yule mwizi wa mapera.

Mzee aliimba sehemu ya kwanza na ya mwisho. Katikati, mjukuu wake wa miaka 14 alishika nafasi ya sutradhar.

Mwezi uliofuata, tarehe 25 Machi 2020, India nzima ilifungwa kwa ajili ya korona. Phagun ya 2021 hawakucheza. Mwaka huohuo mzee alifariki. Phagun ya 2022 walicheza tena mchezo uleule, mjukuu akiwa sutradhar tangu mwanzo hadi dua ya mwisho, na vijana wengi waliorudi nyumbani wakati wa korona wakiwa wamesimama mlangoni.

## Kilichofanya kazi

Jaribio la kwanza liliweka fedha mahali ambapo tatizo halikuwepo. Maleba yanakodiwa, taa zinanunuliwa, wachezaji wanapatikana mjini. Khol na sutradhar havikodiwi. Ukitaka kujua sanaa ya namna hii imefikia wapi, usihesabu maonyesho. Uliza ni watoto wangapi wanaweza kupiga utangulizi bila kutazamwa. Mwaka 2017 jibu lilikuwa sifuri, na onyesho lilikuwa zuri.

Mapumziko ya korona yalikuwa mtihani ambao hakuna aliyeupanga. Miaka miwili bila kucheza, na kiongozi amekufa, ingetosha kuuzima mradi uliokuwa mikononi mwa mtu mmoja. Haukuzimika kwa sababu mzee alimwachia mjukuu nafasi angali hai na mbele ya watu, hakusubiri kurithiwa. Kumwona amekaa pembeni huku mtoto akiongoza kuliwazoesha wanakijiji kumwona mtoto kama sutradhar, na jambo hilo rekodi isingelifanya.

Kupunguza marudio na kuziacha beti kama zilivyo kulifaa pia, ingawa watawa wa ng'ambo waliosikia habari hawakufurahi. Nadhani wana haki ya kutofurahi. Marudio yale ndiyo yanayomlaza mtu katika hali ya ibada, na saa tano si sawa na usiku kucha. Lakini usiku kucha bila watu ungekuwa nini?

## Kilichoharibika

Ugomvi mkubwa ulitokana na ulimi. Katika kupigania mchezo wa Sankaradeva, katibu na wenzake walizoea kuiita bhaona ya namna mpya takataka ya vipaza sauti. Waigizaji wa bhaona hiyo ni wanaume wa miaka 30 hadi 50, mafundi seremala, madereva, wenye maduka. Hao ndio waliokuwa wakiilisha namghar kwa michango katika miaka yote ambayo mchezo wa kale ulikuwa umelala, na bila wao sakafu ile isingekuwa na mazoea ya bhaona hata kidogo. Mwaka 2020 hawakuja. Agni-garh ilijengwa na watu wasiojua kufunga mianzi, ikainama upande. Mwaka 2022 kamati iliomba radhi kwa njia ya vitendo, ikagawa sherehe iwe ya siku mbili: usiku wa kwanza wafalme na kinanda, usiku wa pili Kaliya Daman. Umati ulikuwa mkubwa zaidi usiku wa kwanza. Agni-garh ilisimama wima.

Mwalimu wa khol alilipwa kidogo mno kwa muda mrefu. Kamati ilichukulia ibada yake kuwa sehemu ya mshahara. Hakulalamika, ila mwaka 2022 alianza kuja mara moja kwa mwezi, na wapigaji wawili walioendelea vizuri wamebaki pale walipokuwa. Rekodi za simu nazo hazikuandikwa tarehe wala majina ya nyimbo, na nyingi zina sauti ya kuku. Zinasaidia kidogo.

Suala la wasichana liliahirishwa kila lilipoletwa. Katika kumbi za mijini wanawake wanacheza Sattriya, na vijiji vingine vya Assam vimekwisha kuwaingiza katika bhaona. Hapa kamati iliogopa kuwapoteza wazee wawili, ikasema litajadiliwa baada ya onyesho. Onyesho limepita mara mbili.

## Hali ilivyo mwishoni mwa kisa

Mwaka 2023 mjukuu alimaliza shule akaenda kusoma Guwahati. Anaweza kurudi Phagun, na huenda asiweze. Mitihani haijui kalenda ya namghar. Katika mazoezi ya miaka yote ile, dada yake mdogo ndiye aliyekuwa akishika kitabu pembeni na kumkumbusha maneno. Siku moja mapigo yalipoanza na sutradhar hajafika, aliingia ubeti wa kwanza kutoka mahali alipoketi, kisha akasimama, kwa kuwa hata yeye alikuwa amejifunza wimbo huo kwa miguu, akiigiza mwendo wa kaka yake uani. Wapiga khol hawakuacha kupiga. Mmoja wa wale wazee wawili alikuwepo. Alisikiliza hadi mwisho, akamsahihisha mahali pamoja alipovuta sauti mno, akaondoka bila kusema lolote kuhusu jambo lenyewe. Kamati imepanga kukaa baada ya kuvuna mpunga.